Kaseti ya baiskeli isiuzwe kwa kuhesabu gia peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini kwa sisi mafundi wa baiskeli wa hapa Ngamiani, Tanga, na bila shaka kwa wenzetu wa miji mingine, limekuwa chanzo cha hasara na ugomvi usiokwisha kati ya fundi, mteja na muuza vipuri. Jambo lenyewe ni namna meno ya gia za nyuma yanavyouzwa madukani. Mteja akifika kaunta anaulizwa swali moja tu, "Gia ngapi?", naye anajibu saba, nane au tisa, anakabidhiwa boksi, analipa na kuondoka, ilhali gurudumu lenyewe limebaki nyumbani au kwa fundi na hakuna aliyeuliza lina habu (kitovu cha gurudumu) ya aina gani.

Hivi karibuni mchuuzi mmoja wa samaki, ambaye baiskeli ndiyo mguu wake na ndiyo duka lake, aliniletea kaseti mpya (rundo la meno ya nyuma) ya gia saba ili nimbadilishie meno yaliyolika hadi yakawa makali kama ya msumeno. Gurudumu lake lilikuwa la friwili ya kukaza kwa uzi, na kaseti ile isingeweza kuingia hata tungekesha. Nilimshauri airudishe alikoinunua. Alirudi kwangu jioni akiwa na boksi lilelile na jibu la muuzaji: "Saba ni saba, fundi wako hajui kazi." Sina kinyongo na muuzaji huyo, na duka lake silitaji, kwa kuwa jibu kama hilo nimelisikia kwa wengi. Ila naomba kueleza kwa utaratibu kwa nini saba si lazima iwe saba, maana kununua kaseti kwa idadi ya gia peke yake ni sawa na kununua viatu kwa kuhesabu matundu ya kamba.

Kuna mifumo miwili mikubwa ya kushikilia meno ya nyuma, na kila anayeuza au kununua kipuri hiki hana budi kuijua kabla ya kutoa fedha. Mfumo wa kwanza ni wa friwili, ambamo habu ina uzi upande wa kulia na rundo zima la meno, pamoja na vijino vya ndani vinavyolia tiki-tiki tunapoacha kukanyaga, hukazwa juu ya uzi huo. Uzi wenyewe, kwa baiskeli nyingi tunazokutana nazo, una kipenyo cha takriban inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, na ni uleule kwa friwili ya jino moja (jino, kwa lugha yetu ya karakana, ni duara zima lenye meno) ya baiskeli ya mizigo na kwa friwili ya gia sita au saba ya baiskeli ya milimani ya bei nafuu. Mfumo wa pili ni wa frihabu, ambamo vijino vya kulia tiki-tiki vimo ndani ya bodi iliyofungwa moja kwa moja kwenye habu, na kaseti ni rundo la meno tu, halina uhai wake lenyewe, linalochomekwa juu ya matuta ya bodi hiyo na kufungwa kwa ringi mwishoni. Friwili ikichakaa unatupa meno na mtambo wa ndani kwa pamoja. Kaseti ikichakaa unatupa meno, na mtambo unabaki kwenye habu.

Kutofautisha mifumo hii hakuhitaji kufungua kitu. Mwenye baiskeli auinue upande wa nyuma, alitazame tundu la katikati ya meno pale chombo cha kufungulia kinapoingia, kisha ayazungushe meno kinyumenyume kwa mkono. Iwapo sehemu ile yenye mikato ya kushikia chombo inazunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti, na kinachoonekana ni ringi yake ya kufungia. Iwapo meno yanazunguka huku sehemu ile imesimama tuli, hiyo ni friwili. Ni jambo ambalo muuzaji angeweza kumwelekeza mteja kwa simu, na hasara ya mchuuzi wangu isingetokea.

Naomba nisieleweke kwamba naidharau friwili. Imewabebea watu wetu mkaa, maji, makreti ya soda na wagonjwa kwa miaka mingi, na vipuri vyake ni rahisi kupatikana. Hata hivyo ina udhaifu ambao wabeba mizigo wanaufahamu kwa machungu bila kuambiwa sababu. Katika habu ya friwili, gololi za upande wa kulia hukaa kwa ndani, nyuma ya rundo la meno, na hivyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia kutoka kwenye gololi mpaka kwenye fremu bila kitu cha kukishikilia. Kadiri meno yanavyoongezwa, ndivyo kipande hicho kinavyorefuka, na ndiyo maana ekseli za magurudumu ya gia saba ya friwili hupinda na kukatika chini ya mzigo kuliko zile za friwili ya jino moja. Katika frihabu ya kampuni ya Shimano na nyingine zilizofuata mtindo huo, gololi za kulia zimesogezwa nje hadi karibu na fremu, ndani ya bodi yenyewe, na ekseli inapumzika. Mbeba mizigo mwenye baiskeli ya gia nyingi akinunua gurudumu zima la frihabu atakuwa ametumia fedha vizuri, ila akinunua kaseti peke yake kwa gurudumu la friwili atakuwa amenunua chuma cha mapambo.

Nirudi kwenye maboksi. Shimano, ambao bidhaa zao halisi na za kuigiza zimejaa kwenye masoko yetu, huandika aina ya kipuri kwa herufi mbili za mwanzo wa namba yake: CS ni kaseti, MF ni friwili. CS-HG41 ni kaseti, na MF-TZ500 ni friwili. Ugumu unakuja pale wauzaji wanapozitazama herufi HG na kudhani kwamba ndizo zinazotaja aina ya habu, kumbe zinahusu umbo la meno lililochongwa ili cheni ihame kwa ulaini, na friwili nazo zinazo. MF-HG37, kwa mfano, ni friwili ya gia saba yenye meno ya HG. Mwenye kusoma herufi za mbele hapotei, na mwenye kusoma za katikati hupotea.

Hapa sasa ndipo penye uzito, kwa sababu hata wateja wanaojua kwamba baiskeli zao ni za kaseti bado wanauziwa kaseti isiyokaa. Bodi ya frihabu iliyoenea kuliko zote ni ile ya Shimano ya mtindo wa Hyperglide, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuigwa na karibu kila mtengeneza habu. Ukiitazama kwa mbele utaona matuta tisa yaliyoizunguka, na utaona pia kwamba nafasi kati yake si sawa: kuna moja iliyo nyembamba kuliko nyingine. Hiyo si kasoro ya kiwandani. Imewekwa makusudi ili kila jino liingie kwa mkao mmoja tu, kwa sababu meno ya siku hizi yana vilima na mikato ubavuni ya kuidaka cheni, na mikato hiyo hufanya kazi pale tu meno yanapopangwa yakielekeana kama yalivyobuniwa. Nimewahi kuletewa gurudumu ambalo mtu alikuwa ameliweka jino kwa mkao usiotakiwa, likagoma, naye akachukua tupa akalisaga tuta la ndani hadi likaingia. Liliingia kweli, lakini cheni ilikuwa ikiruka kila mwendeshaji alipobadili gia akipanda mlima, na kaseti haikuwa na thamani tena ya kurudishwa popote.

Bodi hii ya Hyperglide ina urefu wa aina tatu ambao fundi wa kawaida hukutana nao, na urefu ndio unaowaponza wauzaji wa "saba ni saba". Ya gia saba ni fupi. Ya gia nane, tisa na kumi ni moja, ndefu kuliko ya saba kwa takriban milimita 4.5. Ya gia 11 za baiskeli za barabarani imeongezwa tena milimita 1.85. Maana yake ni kwamba mtu mwenye gurudumu la gia nane anaweza kuweka juu yake kaseti ya tisa au ya kumi bila kubadili bodi, jambo ambalo wauzaji wengi hulikataa kwa kuwa namba hazilingani, huku mtu mwenye gurudumu la gia nane akipewa kaseti ya saba bila ya washa yake (pete ya kujaza nafasi) kwa kuwa aliitaja saba. Kaseti ya saba juu ya bodi ya nane inahitaji washa ya milimita 4.5 nyuma ya jino kubwa. Washa hiyo isipowekwa, ringi ya kufungia inakaza hadi mwisho wa bodi, mkono unahisi imekaza barabara, lakini meno yenyewe hayajabanwa na chochote.

Nililetewa baiskeli ya namna hiyo na mwanafunzi aliyekuwa analalamika kwamba gia zake "zinaota", yaani zinabadilika zenyewe. Alikuwa amekwishabadilisha waya wa gia, akabadilisha cheni, na fundi mwingine alikuwa amemgusagusia skrubu zote za mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni. Nilipolishika jino kubwa kwa vidole viwili na kulitikisa, rundo zima lilisogea kuja na kwenda, likigonga kwa sauti ya sahani za bati. Niliifungua ringi, nikaingiza washa, nikafunga, na ugonjwa ukaisha hapohapo. Washa yenyewe ni pete ya aluminiamu isiyo na meno wala alama, ya bei ndogo sana, lakini katika maduka niliyozungukia sikuiona ikiuzwa. Ile niliyotumia niliitoa kwenye gurudumu bovu la mtumba.

Kinyume chake hakina dawa. Kaseti ya gia nane juu ya bodi fupi ya saba itaacha jino la mwisho likielea nje ya matuta, na ringi haitapata uzi wa kushika. Nimewaona watu wakiipigilia kwa nyundo. Haifai.

Najua muuzaji mwenye kusoma mistari hii atauliza: kama ni hivyo, je, idadi ya gia haina maana? Ina maana kubwa, ila ni maana nyingine. Idadi ya gia inaihusu cheni na kifaa cha kubadilishia gia kilichoko kwenye usukani, kwa kuwa umbali kati ya jino na jino hupungua kadiri meno yanavyoongezeka: katika kaseti ya nane ya Shimano ni milimita 4.8, katika ya tisa ni takriban milimita 4.35, na katika ya kumi ni milimita 3.95. Kifaa cha usukani kinavuta waya kwa hatua zilizopimwa, kwa hiyo kifaa cha gia nane kikiongoza kaseti ya tisa kitaikosesha cheni njia katikati ya safari, hata kama kaseti imekaa vizuri kabisa kwenye bodi. Cheni nayo hupungua unene. Ya saba na nane ni moja, na kuanzia ya tisa kwenda juu kila moja ni nyembamba kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo maswali ya kaunta yanapaswa kuwa mawili. La kwanza ni bodi gani, ili kujua kama kaseti itakaa. La pili ni gia ngapi, ili kujua kama itafanya kazi na vilivyobaki. Wauzaji wetu wanauliza la pili na kuliacha la kwanza.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, ikiwa mara ya kwanza kufanyika barani Afrika, naona vijana wengi zaidi wakija na baiskeli za mashindano za mtumba, na baiskeli hizi ndizo zenye mitego mingi. Kaseti ya gia 11 ya barabarani haitakaa kwenye bodi ya gia kumi kwa sababu ya zile milimita 1.85 zinazopungua. Kaseti ya nane, tisa au kumi itakaa kwenye bodi ya 11 ikiwekewa washa ya milimita 1.85. Kaseti nyingi za gia kumi za barabarani za Shimano zinahitaji pia washa nyembamba ya milimita moja, ambayo huja ndani ya boksi, na ambayo mara nyingi hupotea pale dukani muuzaji anapofungua boksi kumwonyesha mteja uzuri wa mali. Ninawasihi wateja wahakikishe pete hiyo imo kabla ya kulipa.

Halafu kuna jambo ambalo hata mimi nililiona la ajabu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, kabla ya kulishika kwa mikono. Kaseti za gia 11 za baiskeli za milimani za Shimano, zile zenye jino kubwa la meno 40, 42 au 46, hukaa kwenye bodi ya kawaida ya gia nane, tisa na kumi bila taabu. Sababu ni kwamba jino kubwa la namna hiyo limepanuka kiasi cha kuweza kubinuka kwa ndani kuelekea kwenye spoki bila kuzigusa, na hivyo milimita zilizokosekana kwenye bodi zinapatikana nyuma yake. Kaseti ya barabarani yenye jino kubwa la 28 haina nafasi hiyo, kwa kuwa mkono wa gia ungegonga spoki. Basi hapo tuna kaseti mbili za kampuni moja, zote zimeandikwa 11, na moja inakaa kwenye gurudumu la kijana na nyingine haikai. Muuzaji wa "saba ni saba" atajibu nini?

Kwa gia 12 mambo yamegawanyika zaidi, nami nitaligusia hili kwa ufupi kwa kuwa wenye nazo bado ni wachache kwetu, ingawa hasara yake ni kubwa kwa vile kaseti moja inaweza kuizidi bei ya baiskeli nzima ya mtumba. Bodi ya Hyperglide ni nene mno kuweza kubeba jino dogo la meno kumi. Jino likiwa na meno pungufu ya 11, chuma cha kuzunguka bodi na ringi yake hakibaki. Waliotaka meno kumi wakalazimika kubuni bodi nyingine. Kampuni ya SRAM walileta bodi ya XD mwaka 2012, ambapo kaseti yenyewe hukazwa kwa uzi kwenye bodi, na baadaye XDR ya barabarani iliyo ndefu zaidi kwa milimita 1.85. Shimano walileta Micro Spline mwaka 2018, yenye matuta mengi madogo. Micro Spline haipokei kaseti ya XD wala ya XDR, nazo hizo hazipokei ya Micro Spline. Lakini SRAM haohao wanatengeneza kaseti ya NX Eagle ya gia 12, yenye meno 11 hadi 50, inayokaa kwenye bodi ileile ya zamani ya Hyperglide, na mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka gia 12 angeanzia hapo kuliko kubadilisha gurudumu. Campagnolo wa Italia wana bodi yao yenye mifereji mirefu isiyofanana na ya yeyote, na magurudumu yao tunayaona mara chache. Akija nayo mteja, fundi asijaribu kulazimisha.

Sasa niseme kidogo juu ya nyundo na tupa, kwa sababu lawama za uharibifu huishia kwetu sisi mafundi. Ni kweli kwamba kati yetu wako wanaosaga matuta, wanaochomelea meno kwenye bodi, na wanaokaza ringi kwa patasi. Lakini mara nyingi fundi huyo ameletewa kipuri kisichorudishika, na mteja aliyesimama mbele yake ana safari asubuhi na fedha zake zimeishia dukani. Katika hali hiyo ni watu wachache wenye ujasiri wa kusema "haiwezekani". Uharibifu unaotokea huonekana wazi kwenye bodi za aluminiamu, ambazo ni nyepesi na laini: meno ya kaseti za bei nafuu, ambayo kila moja limejitegemea bila kuunganishwa na mengine, huzama kwenye matuta taratibu kila mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu, na baada ya muda ukitaka kuyatoa yanakuwa yamejichimbia mashimo, kila jino na shimo lake. Yakiwa yamelegea kwa sababu ya washa iliyokosekana, uchimbaji huo huenda haraka zaidi. Bodi ya chuma huvumilia. Kwa njia zetu na mizigo yetu, ningemshauri mnunuzi achague habu yenye bodi ya chuma hata kama ni nzito.

Ringi ya kufungia nayo si ya kukazwa kwa kukisia. Shimano huandika juu yake 40 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na fundi asiye na spana ya kupimia atakuwa salama akiikaza kwa spana ndefu hadi asikie mikwaruzo kadhaa ya meno ya chini ya ringi yakishikana na jino dogo, kisha akaongeza kidogo kwa uzito wa mkono. Tena ringi zenyewe zina ukubwa tofauti: ya kaseti inayoanzia meno 11 ni ndogo kwa upana kuliko ya kaseti inayoanzia 12 na kuendelea, na ukiweka kubwa juu ya jino la 11, cheni itapanda juu ya ringi na kuruka. Ni kipande kidogo, wauzaji hukichanganya kwenye kopo moja, na ugonjwa wake hutafutwa kila mahali isipokuwa hapo.

Kwa wenzangu mafundi, wanaohangaika na friwili iliyogoma kutoka, naomba niongeze hili kwa kuwa linahusiana na uharibifu huohuo. Friwili hujikaza yenyewe kila siku kwa nguvu za miguu ya mwendeshaji, na ya mbeba mizigo huwa imekaza kupita kiasi. Chombo chake kifungwe kwanza kwa nati ya ekseli ili kisiruke, kisha kibanwe kwenye jiliwa, na gurudumu ndilo lizungushwe kwa mikono miwili kama usukani wa lori, kinyume cha mwendo wa saa. Ikishalegea, nati itolewe kabla ya kuendelea, la sivyo ekseli itakatika. Kuipiga friwili kwa patasi huivunja, na mabaki yake yanayoshikilia kwenye uzi hayatoki tena, gurudumu zima likaenda kwenye chuma chakavu.

Maombi yangu kwa wafanyabiashara ni machache na hayawagharimu. Kwenye rafu, kaseti zitengwe na friwili, na chini ya kila kundi iandikwe kwa Kiswahili aina ya bodi inayoipokea: Hyperglide ya saba, Hyperglide ya nane hadi kumi, Hyperglide ya barabarani ya 11, na kadhalika. Zipatikane washa za milimita 4.5, 1.85 na moja, ziuzwe moja moja kama zinavyouzwa nati, kwa sababu leo hii fundi anazitafuta kwenye magurudumu mabovu. Mteja aruhusiwe kufika na gurudumu na kujaribu kuchomeka kaseti kabla ya kulipa. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja na halichafui mali. Na pale ambapo boksi limerudishwa likiwa halijatumika, kwa sababu tu kaseti haikukaa, muuzaji abadilishe bila maneno. Kumwambia mteja kwamba fundi wake hajui kazi hakumpatii muuzaji chochote, kwa kuwa mteja huyo safari ijayo ataagiza mtandaoni, na huko nako hakuna wa kumuuliza bodi ni ipi.

Kwa waagizaji wa shehena kubwa, naomba wawadai watengenezaji namba kamili za vipuri kwenye maboksi. Zipo kaseti zinazoingia zikiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na neno lolote zaidi ya namba 7 iliyogongwa kwa muhuri, na hapo hata muuzaji mwaminifu hana pa kuanzia isipokuwa kupima kwa macho.

Mwisho, Mhariri, iwapo nafasi ya ukurasa itaruhusu, ningeomba gazeti lichapishe picha mbili ubavuni mwa barua hii: moja ya habu yenye uzi na nyingine ya bodi yenye matuta tisa, zote zikiwa zimepigwa kwa mbele bila meno. Karakana yetu iko tayari kutoa magurudumu ya kupigwa picha, na mpigapicha wenu wa Tanga anaweza kufika siku yoyote ya kazi isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako,

Fundi wa baiskeli,
Ngamiani, Tanga.